Mchezo wa video utangazwe lini kabla ya kuingia sokoni?

JIONI inapoingia Kilakala, katika Manispaa ya Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, banda la gemu huwa limejaa vijana. Wawili hushika pedi, wengine husimama nyuma yao wakisubiri zamu.

Mazungumzo ya wanaosubiri mara nyingi hayahusu mchezo ulio kwenye skrini. Yanahusu ule ambao bado haujatoka: utaingia sokoni lini, na je, mashine iliyopo bandani itaweza kuuchezesha?

Kwa kijana anayelipia mechi moja, swali hilo ni la shauku tu. Kwa mwenye banda ni suala la mtaji. Akinunua mashine mpya mapema kwa ajili ya mchezo uliotangazwa, kisha mchezo huo ukaahirishwa, fedha zake zinakuwa zimelala. Akichelewa, wateja wanahamia banda la jirani.

Majibu ya maswali hayo hayatolewi Morogoro. Yanatolewa na kampuni za Marekani, Ulaya na Japani, ambazo kila moja ina utaratibu wake wa kutangaza bidhaa. Wapo wanaotangaza miaka minane kabla, na wapo wanaotangaza na kuuza siku hiyo hiyo.

Ili kuelewa ni muda upi unaofaa, ni vema kwanza kufahamu kwa nini kampuni hutangaza mapema.

Sababu ya kwanza ni fedha. Kutengeneza mchezo mkubwa huchukua miaka kadhaa na hugharimu mamilioni ya dola, na wawekezaji hutaka kuona dalili kwamba kuna kitu kinachokuja.

Sababu ya pili ni watumishi. Mafundi wa michoro, sauti na programu huvutiwa na kampuni inayojulikana kuwa ina kazi kubwa mkononi.

Sababu ya tatu ni kuzuia uvujaji wa siri. Mchezo unaotengenezwa na mamia ya watu ni vigumu kufichwa. Septemba 2022 picha za video za Grand Theft Auto VI zilivuja kwenye intaneti kabla kampuni ya Rockstar Games haijawa tayari kuuonyesha.

Ipo pia sababu ya nne, ambayo ni kuwashika wateja. Mtu anayesubiri mchezo fulani huenda akaacha kununua wa mshindani.

Sababu zote hizo zina faida kwa anayetangaza. Gharama yake, hata hivyo, humwangukia anayesubiri.

Mfano unaotajwa zaidi ni Duke Nukem Forever. Mchezo huo ulitangazwa Aprili 1997, ukaingia sokoni Juni 2011, yaani miaka 14 baadaye. Mtoto aliyezaliwa Kilakala mwaka ulipotangazwa, alikuwa amefikia umri wa kuingia kidato cha kwanza ulipotoka. Wengi walioucheza waliona kwamba umepitwa na wakati.

Mfano wa pili ni Cyberpunk 2077 wa kampuni ya CD Projekt ya Poland. Ulitangazwa Mei 2012. Mwaka 2020 pekee tarehe yake iliahirishwa mara tatu, kutoka Aprili hadi Septemba, kisha Novemba, na hatimaye Desemba 10.

Ulipotoka, ulikuwa na kasoro nyingi, hasa kwa waliotumia PlayStation 4. Siku chache baadaye Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni na kuwarejeshea wateja fedha. Ulirudishwa dukani Juni 2021.

Grand Theft Auto VI nao umekuwa na safari ndefu. Kionjo chake cha kwanza kilitolewa Desemba 2023, kikatazamwa zaidi ya mara milioni 90 ndani ya saa 24. Wakati huo ilielezwa kwamba ungetoka mwaka 2025.

Mei 2025 ilitangazwa kwamba umesogezwa hadi Mei 26, 2026. Novemba 2025 ukasogezwa tena hadi Novemba 19, 2026. Aidha, mashine zilizotajwa ni PlayStation 5 na Xbox Series X na S pekee, hivyo mwenye PlayStation 4 alijua kwamba mashine yake haimo.

Mwenye banda aliyenunua PlayStation 5 mwishoni mwa mwaka 2023 kwa ajili ya mchezo huo, alijikuta ana mashine iliyochakaa kwa mechi za mpira kabla mchezo wenyewe haujafika.

Kutokana na matukio ya namna hiyo, baadhi ya kampuni zimegeukia njia iliyo kinyume, yaani kutangaza kwa kuchelewa.

Kampuni ya Bethesda ilitangaza Fallout 4 Juni 3, 2015, na kuuingiza sokoni Novemba 10 mwaka huo huo. Ulikuwa muda wa siku 160 tu. Siku ya kwanza nakala milioni 12 zilikuwa zimepelekwa madukani.

Electronic Arts ilikwenda mbali zaidi. Februari 4, 2019 ilitangaza Apex Legends na kuuachia siku hiyo hiyo. Ndani ya wiki moja watu milioni 25 walikuwa wameucheza.

Hata hivyo, mifano hiyo miwili inahitaji kutazamwa kwa makini. Fallout ulikuwa na jina tangu mwaka 1997, na Apex Legends ulitolewa bure. Mchezo usiojulikana, unaouzwa kwa fedha, hauna nafasi hiyo.

Vilevile, muda mfupi hauponyi bidhaa isiyoiva. Wapenzi wa Pro Evolution Soccer wanakumbuka mwaka 2021. Julai mwaka huo Konami ilitangaza kwamba jina hilo linaachwa na badala yake unakuja eFootball, utakaotolewa bure. Ulitoka Septemba 30, ukiwa na kasoro zilizowafanya wachezaji wengi kuudhihaki, na kampuni ikalazimika kuomba radhi. Maboresho makubwa yalipatikana Aprili 2022.

Tangazo hilo lilitangulia mchezo kwa takriban miezi miwili tu. Kosa halikuwa katika urefu wa muda. Kilichotangazwa hakikuwa tayari.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba swali la "miezi mingapi" haliwezi kujibiwa peke yake. Linategemea mambo mawili: uhakika alionao mtengenezaji, na muda anaouhitaji mnunuzi ili ajiandae.

Jambo la pili ndilo linalosahaulika katika mijadala ya nchi tajiri. Huko mnunuzi hutoa kadi ya benki na kupakua mchezo usiku huo huo. Kwake, wiki mbili zinatosha.

Septemba 2025 jambo hilo lilidhihirika kwa Hollow Knight: Silksong, mchezo wa studio ndogo ya Australia, Team Cherry. Ulitangazwa Februari 2019, wapenzi wake wakasubiri zaidi ya miaka sita. Kisha Agosti 21, 2025 ikatolewa tarehe: Septemba 4, siku 14 tu mbele. Siku ulipotoka, maduka ya mtandaoni yalizidiwa na wanunuzi, huku watengenezaji wengine wadogo wakiwa wamesogeza tarehe zao ili kuukwepa.

Kwa mnunuzi wa Kilakala siku 14 si muda wa kujiandaa. Anayeweka akiba kutokana na mapato ya kila siku, anayesubiri mashine iliyotumika iletwe kutoka Dar es Salaam, au anayehitaji kununua kifurushi kikubwa cha intaneti ili kupakua mchezo wenye ukubwa wa makumi ya gigabaiti, anahitaji miezi.

Wakazi wa Morogoro wanaifahamu hesabu hii kupitia harusi. Kadi ya mchango haigawiwi siku kijana anapoanza uchumba, kwa sababu lolote linaweza kutokea na michango ikawa aibu. Wala haigawiwi wiki moja kabla ya sherehe, kwa kuwa hakuna atakayekuwa na fedha. Hugawiwa pale mahari imeshapokewa na tarehe imeshajulikana, ukiwa umebaki muda wa watu kutoa kidogo kidogo.

Michezo ya mpira wa miguu ya Electronic Arts huufuata utaratibu unaokaribiana na huo. EA Sports FC 24, wa kwanza baada ya kampuni hiyo kuachana na jina la FIFA, ulionyeshwa Julai 2023 na kutoka Septemba 29. FC 25 ulionyeshwa Julai 2024 na kutoka Septemba 27. Kwa kuwa ratiba hiyo hujirudia kila mwaka, mwenye banda hujua lini aanze kuweka akiba hata kabla ya tangazo.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, mfano wa karibu zaidi ni Tales of Kenzera: Zau. Ulitengenezwa na Surgent Studios ya Uingereza, iliyoanzishwa na mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na kusambazwa na Electronic Arts.

Unasimulia habari za Zau, mganga kijana anayemwomba mungu wa mauti, Kalunga, amrejeshee baba yake. Salim aliubuni kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake mwenyewe. Simulizi zake zimechotwa katika masimulizi ya jamii za Kibantu, na mchezaji anaweza kuchagua kusikia wahusika wakizungumza Kiswahili.

Ulitangazwa Desemba 7, 2023 katika hafla ya The Game Awards mjini Los Angeles, ambako Salim mwenyewe alipanda jukwaani kueleza chimbuko lake. Tarehe ilitolewa hapo hapo: Aprili 23, 2024. Ulitoka siku hiyo hiyo iliyoahidiwa, siku 138 baada ya tangazo, kwa bei ya dola 19.99, ambayo ni chini ya theluthi moja ya bei ya michezo mikubwa.

Kwa kipimo cha uaminifu, tangazo hilo lilikuwa kamili. Picha zilizoonyeshwa zilikuwa za mchezo wenyewe, tarehe ilitajwa na ikatimizwa.

Pamoja na hayo, Julai 2024 Surgent Studios ilitangaza kupunguza wafanyakazi, na Oktoba mwaka huo timu yake nzima ya michezo ikapewa notisi kwamba ajira zao zimo hatarini wakati studio ikitafuta fedha za mradi mwingine. Sifa za wachambuzi hazikutosha kuihakikishia usalama.

Somo lake ni kwamba kutangaza kwa wakati humlinda mnunuzi asidanganyike, lakini hakumhakikishii mtengenezaji wanunuzi. Katika soko ambalo maelfu ya michezo hutoka kila mwaka, jina jipya huhitaji muda wa kuzoeleka. Miezi minne na nusu inaweza kuwa mingi kwa Fallout na michache kwa Zau, ambao hakuna aliyewahi kuusikia.

Ndiyo maana watengenezaji wadogo hushauriwa kuanza mapema zaidi, mradi waseme ukweli kuhusu hatua waliyofikia. Duka la mtandaoni la Steam huruhusu mchezo kuwa na ukurasa wake kabla haujatoka, ambapo mteja huuweka katika orodha ya anavyovitamani na kuarifiwa siku unapotoka.

Studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitumia njia ya uwazi wa namna hiyo. Mwaka 2015 iliomba michango ya umma kupitia Kickstarter ili kukamilisha Aurion: Legacy of the Kori-Odan, ikiwaeleza wachangiaji kwamba kazi bado inaendelea. Mchezo ulitoka Aprili 2016. Hapo tangazo la mapema lilikuwa na sababu, na waliotoa fedha walijua wanachokisubiri.

Kutokana na mifano hiyo, kanuni chache zinaweza kutolewa.

Kwanza, mchezo usitangazwe kabla haujawa na sehemu inayochezeka. Kionjo kilichochorwa kwa ajili ya tangazo tu huonyesha matumaini, si kazi.

Pili, tarehe kamili itolewe pale kazi iliyobaki ni ya kurekebisha kasoro. Kabla ya hapo, kutaja mwaka au kunyamaza ni heri kuliko kutaja siku itakayofutwa.

Tatu, tangazo litaje mashine zitakazotumika, bei na, inapowezekana, ukubwa wa mchezo. Hayo ndiyo mambo matatu ambayo mwenye banda huyahitaji kuliko picha za kuvutia.

Nne, kampuni yenye jina ikitangaza miezi minne hadi sita kabla, inamtosheleza mnunuzi anayeweka akiba bila kumchosha. Mtengenezaji asiyejulikana anaweza kuhitaji karibu mwaka mzima, lakini akiri kwamba bado anajenga.

Tano, ikibidi kuahirisha, iahirishwe mara moja na mapema, kwa muda unaotosha kweli kumaliza kazi. Kuahirisha mara tatu katika mwaka mmoja huharibu imani kuliko kuchelewa kwenyewe.

Kanuni hizo haziwahusu wageni pekee. Morogoro ina vijana wanaosoma teknolojia ya habari katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Chuo Kikuu Mzumbe. Atakayetengeneza mchezo wake kesho atakabiliwa na kishawishi kile kile cha kurusha picha mbili tatu mtandaoni na kuahidi mwezi ujao.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Katika biashara hii deni hilo lina wadai wengi, na mmoja wao ni mwenye banda wa Kilakala, ambaye anapanga lini anunue mashine kwa kutegemea tarehe iliyotajwa na mtu asiyemfahamu.

Hadi mchezo utakapokuwa na tarehe inayoaminika, lililo salama kwake ni kuweka fedha mahali salama na kuendelea kuhudumia wateja kwa mashine aliyonayo.