Mafuta ya Nazi katika Utunzaji wa Ngozi Uswahilini

Katika miji ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani Unguja na Pemba, mafuta ya nazi hayakosekani penye mtoto mchanga wala penye biharusi. Mtoto akishaogeshwa hukandwa nayo mwili mzima. Biharusi, akiwa mikononi mwa somo wake anayemfunda, husuguliwa mchanganyiko wa manukato uitwao singo, huoga, kisha hupakwa mafuta. Wapo wanaoiona desturi hii kuwa mambo ya kale yaliyopitwa na wakati. Nashikilia kwamba ni elimu ya kweli ya kutunza ngozi, na kwamba nguvu yake haimo katika mafuta peke yake bali katika utaratibu wa kuyatumia.

Nazi kavu hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu, na tui zito likabandikwa jikoni. Hukorogwa kwa moto wa wastani hadi maji yakauke, mafuta yajitenge na mashapo yawe ya kahawia. Mpikaji akizembea, mashapo huungua na mafuta yote yakanuka moshi. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, na sehemu kubwa ni ya aina inayoganda, ndiyo maana asubuhi za kipupwe, joto likishuka chini ya nyuzi 24, huwa meupe chupani. Aina hiyo pia haichachi upesi. Yakipakwa, hayaiongezei ngozi maji, bali huyazuia yaliyomo yasipotee. Kwa hiyo kupaka mara tu baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu, ndiko kunakoyapa mafuta kitu cha kuhifadhi. Utafiti uliofanywa Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2014, kwa watoto 117 wenye ukurutu, ulionyesha kwamba baada ya wiki 8 mafuta ya nazi yasiyosafishwa kiwandani yalituliza ngozi kuliko mafuta ya madini.

Atasema mtu kwamba mafuta haya huleta chunusi. Ni kweli yanaweza kuziba vinyweleo vya uso, hasa kwa mwenye ngozi ya mafuta. Huyo asiyapake usoni, bali mikononi, miguuni na kwenye nywele. Mwingine atasema losheni za dukani zimeyapita. Zenye gliserini huvuta maji, jambo ambalo mafuta hayaliwezi, na hakuna ubaya kuzitumia. Hatari iko kwa anayeyaacha mafuta ili ajichubue kwa krimu zenye zebaki, sumu inayodhuru figo.

Kwa hiyo somo na bibi wasiishie kuonyesha namna ya kupaka, bali waeleze na sababu yake. Binti anayejua kwa nini mafuta hufuata maji ataitunza desturi kwa akili yake mwenyewe, na hatahadaika na kila kopo linaloahidi ngozi mpya.