Dakika Nne Kabla ya Kifo: Mchezo wa Upelelezi Uliosahauliwa

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hapana nyumba ambayo haijapata kuujua ukweli wa maneno hayo: mtoto aliyegusa chungu cha moto, mlango uliosahauliwa wazi usiku, neno kali lililotamkwa kwa haraka. Baada ya tukio, wenye nyumba hukaa na kuzihesabu moyoni dakika chache zilizotangulia. Laiti chungu kingaliwekwa mbali kidogo. Laiti mtu mmoja angaligeuka kutazama. Lakini majuto ni mjukuu, nayo saa hairudi nyuma.

Juu ya dakika hizo chache ndipo ulipojengwa mchezo mmoja wa video kutoka Japani, uitwao Ghost Trick: Phantom Detective. Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Capcom, yenye makao yake mjini Osaka, tarehe 19 Juni 2010, na ukafika Marekani na Ulaya mwezi Januari 2011. Wale waliobahatika kuucheza huusifu sana, lakini idadi yao ilikuwa ndogo kwa miaka mingi. Kwa kuwa sasa unapatikana tena, yafaa msomaji apenda hadithi za upelelezi auelewe, na mzazi mwenye vijana wanaopenda michezo ya namna hii aujue kabla haujaingia sebuleni mwake.

MAREHEMU ASIYEJIJUA

Hadithi inaanza katika jaa la vyuma chakavu, nje kidogo ya mji usiotajwa jina. Ni usiku. Mwanamume amelala chini, amekwisha kufa. Roho yake inaamka na kugundua kwamba haikumbuki lolote: jina lake, kazi yake, wala sababu ya kuuawa kwake. Mbele yake msichana mwenye nywele nyekundu ameelekezewa bunduki na muuaji wa kukodiwa. Marehemu huyo, ambaye baadaye hujulikana kwa jina la Sissel, hana mikono wala sauti ya kumsaidia.

Hapo ndipo taa ya mezani iliyotupwa jaani inapoanza kusema naye. Ndani yake imo roho nyingine, iitwayo Ray, nayo humfunza mambo mawili. Kwanza, kwamba roho yake inaweza kuingia ndani ya vitu visivyo na uhai na kuvitikisa. Pili, kwamba akiigusa maiti ya mtu mwingine, anaweza kurudi nyuma hadi dakika nne kabla ya mtu huyo kukata roho, akajaribu kuubadili mwendo wa mambo. Ray anaongeza onyo moja zito: kutakapopambazuka, roho ya Sissel itatoweka kabisa.

Basi usiku mmoja tu ndio aliopewa kutafuta jibu la maswali yake. Msichana yule, ambaye ni askari mpelelezi kijana aitwaye Lynne, anaelekea kuwa na sehemu ya jibu hilo. Tatizo ni kwamba wako watu wanaotaka afe, na usiku huo kifo kinamjia si mara moja tu.

KANUNI ZA SAFARI

Hadithi nyingi za kusafiri katika wakati humpa msafiri uhuru mkubwa mno. Huruka miaka mia mbele na mia nyuma, na mwishowe msomaji hashangazwi na jambo lolote. Uzuri wa Ghost Trick ni kwamba uwezo wa Sissel umebanwa kila upande. Dakika ni nne, hazizidi. Hawezi kumwingia mtu aliye hai na kumtumikisha. Roho yake hufika mbali kidogo tu, kama mkono wa mtu anayenyoosha kushika kikombe mezani. Akitaka kuvuka chumba, hana budi kuruka kutoka kitu hadi kitu, na pasipo na kitu cha karibu hukwama.

Kila kitu kina kazi yake moja. Taa huwaka na kuzimika, gurudumu la baiskeli huzunguka, mlango hufunguka, kengele hulia. Mchezaji anapoingia katika ulimwengu wa roho, wakati husimama, naye hupata nafasi ya kutazama na kuchagua njia. Akitaka kukitikisa kitu, lazima aruhusu wakati uendelee, na hapo ndipo muuaji naye anaposonga hatua. Kwa hiyo haitoshi kujua kitu gani cha kutikisa. Ni lazima kujua lini. Kitu kilichotikiswa mapema mno hakifai neno, na kilichocheleweshwa ni msiba.

Akishindwa, mchezaji huzirudia dakika zile zile nne, mara nyingi kadiri atakavyo. Hapana bunduki mkononi mwake, wala hapana hesabu ya maadui aliowaua. Kila jaribio humfundisha jambo: kumbe mtu yule hutazama dirishani kabla ya kukaa, kumbe kile kigari husimama karibu na rafu. Hatimaye mlolongo wa vitu vidogo hukaa sawasawa, kimoja kikikisukuma kingine, na mtu aliyekuwa amekufa hupona kwa kitu ambacho hapana aliyekidhania.

Kwa safari ndefu, Sissel hutumia simu. Si simu za mkononi za leo, bali zile za waya. Watu wawili wanapozungumza, yeye hupita ndani ya waya na kutokea upande wa pili wa mji. Kwa njia hiyo hufika nyumbani kwa Lynne, gerezani, na katika mikahawa na ofisi ambamo siri za usiku ule zimetawanyika.

JAMBO LINALOTIKISA MOYO

Mtu angaweza kudhani kwamba mchezo wenye maiti nyingi namna hii ni wa kutisha tu. Sivyo. Umejaa mzaha, na watu wake hawasahauliki upesi. Yuko mkaguzi wa polisi aitwaye Cabanela, ambaye hatembei bali hucheza dansi akiwa katika koti lake jeupe. Yuko mbwa mdogo mwenye manyoya mengi, aitwaye Missile, ambaye uaminifu wake kwa watu wa nyumbani kwake ni mkubwa kuliko mwili wake mara mia.

Hata hivyo, chini ya mzaha huo lipo jambo zito. Gerezani yumo mpelelezi wa zamani aitwaye Jowd. Amehukumiwa kifo kwa kosa la kumwua mkewe miaka mitano nyuma, naye mwenyewe amekiri. Usiku huo ndio uliowekwa kwa kutekelezwa hukumu. Lynne hakubali kwamba mtu huyo ni mwuaji, kwa sababu alipokuwa mtoto ni yeye aliyemwokoa. Kwa nini basi mtu akiri kosa, akangoja kufa kimya, na kumwacha mtoto wake wa pekee mikononi mwa wengine? Jibu halitatajwa hapa, maana kumnyang'anya mchezaji jibu hilo ni sawa na kumla samaki na kumwachia mgeni miiba.

Na Sissel mwenyewe yumo katika mtihani. Alfajiri inakaribia. Kila dakika anayoitumia kwa mtu mwingine ni dakika aliyojipunguzia yeye katika kutafuta jina na mwuaji wake. Mwanzoni humsaidia Lynne kwa sababu anamhitaji, wala hafichi hivyo. Kadiri usiku unavyosonga, hesabu hiyo hubadilika, na mchezaji huona jinsi mtu aliyeanza kwa kujitafuta mwenyewe anavyojikuta akibeba mzigo wa wenziwe. Sura zake ni 18, nazo zimefungwa kwa uangalifu hata jambo dogo lililotajwa katika sura ya kwanza hupata maana yake katika ile ya mwisho.

MTUNZI NA KAZI YAKE

Aliyeitunga na kuiongoza kazi hii ni Shu Takumi, mtu aliyekwisha kujipatia sifa kwa michezo ya mahakamani iliyoanza kutoka Japani mwaka 2001, ijulikanayo ng'ambo kwa jina la Ace Attorney. Katika michezo ile, wakili hushinda kwa kuukamata uongo ndani ya ushahidi. Katika Ghost Trick, Takumi aliuacha ukumbi wa mahakama, lakini hakuacha imani yake kwamba fumbo zuri ni lile ambalo ufunguo wake uliwekwa wazi mbele ya macho tangu mwanzo. Muziki ulitungwa na Masakazu Sugimori, ambaye pia alikuwa ameufanyia muziki mchezo wa kwanza wa mahakamani. Mbwa Missile naye hakutoka hewani tu: alipewa jina na umbo la mbwa wa Takumi mwenyewe.

KWA NINI ULISAHAULIWA

Mchezo huu ulitengenezwa kwa ajili ya Nintendo DS, kile kifaa cha mkononi chenye skrini mbili na kalamu ya kugusia. Kifaa hicho kiliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, kwa hiyo si kwamba wachezaji walikosekana. Lakini Ghost Trick ulifika ng'ambo mwanzoni mwa mwaka 2011, wakati macho ya watu yalikuwa yamegeukia kifaa kipya cha kampuni ile ile, Nintendo 3DS, kilichotoka Japani mwezi Februari mwaka huo huo na Marekani mwezi uliofuata. Aidha, ulikuwa mchezo usiofanana na mwingine, na bidhaa isiyo na jina la kuzoeleka huwa ngumu kuuzika. Ulisifiwa na wakaguzi, ukanunuliwa na wachache, kisha ukafunikwa.

Masaibu hayo hayakuupata mchezo huu peke yake. Mwezi Julai 2023, taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake: asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikiuzwa tena. Kitabu cha zamani, hata karatasi zikichakaa, husomwa kwa macho yale yale. Mchezo wa video hutegemea mashine, na mashine ikiacha kutengenezwa, kazi ya watu wengi hufukiwa pamoja nayo.

Ghost Trick ulinusurika. Tarehe 30 Juni 2023, Capcom iliutoa upya, picha zake zikiwa zimesafishwa, kwa ajili ya Nintendo Switch, PlayStation 4, Xbox One na kompyuta. Kalamu na skrini mbili hazihitajiki tena. Kwa namna fulani, mchezo unaohusu kurudi nyuma ili kuokoa kilichokwisha kupotea umetendewa nao vivyo hivyo.

UNAMFAA NANI

Mchezo huu humalizika kwa muda wa saa 10 hadi 15 hivi, kulingana na wepesi wa mchezaji katika kusoma na kufumbua. Haumtaki mtu awe na vidole vyepesi. Humtaka awe na macho na subira. Hakuna tafsiri ya Kiswahili, lakini unaweza kusomwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na kijana anayejifunza lugha hizo atapata humo mazoezi ya kutosha, kwa maana maneno ni mengi. Kwa kuwa una vifo na silaha, bodi ya ESRB ya Marekani imeuweka katika daraja la vijana wa miaka 13 na zaidi. Wenye watoto wadogo hawana budi kulizingatia hilo.

Njia iliyo bora ni kuucheza wawili au watatu pamoja, mmoja akishika kifaa na wengine wakisoma na kubuni, kama wafanyavyo watu wanaotegeana vitendawili baada ya chakula cha usiku. Mzazi akikaa hapo, ataona kwamba kijana wake haulizi tena nani apigwe, bali anauliza kitu gani kisogezwe, na saa ngapi.

Na baada ya mchezo kuzimwa, chumba ni kile kile, na chungu, taa na mlango vingali mahali pake. Dakika nne zilizopita haziwezi kurudishwa na mtu yeyote aliye hai. Dakika nne zijazo bado zimo mkononi.