Tathmini ya Teknolojia za Afya na Lugha ya Kuipimia

Msomaji wa jarida hili huenda akastaajabu kukuta mada ya hesabu za hospitali katika kurasa zilizozoeleka kwa fonolojia, ushairi na uhakiki wa riwaya. Makala haya yanakusudia kueleza mbinu zinazofundishwa katika warsha za kitaaluma kuhusu tathmini ya teknolojia za afya, na kuonyesha kwamba ndani ya mbinu hizo mna kazi ya mwanaisimu ambayo haijafanywa ipasavyo. Warsha za namna hii huwakutanisha wafamasia, madaktari, wachumi na maofisa wa bima kwa siku chache, aghalabu katika kumbi za mikutano za Nairobi, Westlands na Parklands zikiwemo. Lugha yake ni Kiingereza tangu salamu za ufunguzi hadi vyeti vya kufungia. Ilhali yanayoamuliwa kwa mbinu hizo humfika mwananchi ambaye akiumwa huugua kwa Kiswahili.

Tuanze na jina lenyewe. Neno teknolojia humpeleka msikilizaji wetu moja kwa moja kwenye mashine. Katika taaluma hii, hata hivyo, teknolojia ya afya ni kila kitu kinachotumiwa kuzuia, kutambua au kutibu maradhi: dawa, chanjo, kipimo cha damu, upasuaji, hata mpango wa wahudumu wa afya wanaozunguka vijijini. Kuitathmini ni kuuliza kama inafaa, inafaa kuliko nini, kwa gharama gani, na nani atafaidi au kuachwa. Mnamo 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi ziitumie tathmini hii katika kupanga huduma za afya kwa wote. Uingereza ilikuwa na taasisi yake ya NICE tangu 1999, na Thailand ilianzisha yake, HITAP, mwaka 2007.

Jambo la kwanza ambalo mshiriki hufundishwa ni kuliunda swali: mgonjwa yupi, tiba ipi, ikilinganishwa na ipi, kwa matokeo gani. Kisha huja hesabu. Mwaka mmoja wa afya kamili hupewa thamani ya 1, na kifo 0. Mtu aishiye miaka 10 katika hali yenye uzito wa 0.6 huhesabiwa kuwa amepata miaka 6 ya afya kamili. Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Tiba ya zamani inagharimu shilingi 20,000 na kuleta miaka 4 ya namna hiyo. Tiba mpya inagharimu shilingi 80,000 na kuleta miaka 4.5. Mfanyabiashara mjanja atagawanya 80,000 kwa 4.5 na kutangaza kwamba kila mwaka wa afya unapatikana kwa chini ya shilingi 18,000. Warsha humfundisha mshiriki asidanganyike. Kinachonunuliwa kwa hakika ni nusu mwaka wa ziada kwa shilingi 60,000 za ziada, yaani shilingi 120,000 kwa mwaka. Pengo baina ya takwimu hizo mbili ndilo kiini cha somo zima.

Je, shilingi 120,000 ni ghali? Hapo hesabu hunyamaza na siasa huanza. Kwa muda mrefu nchi nyingi zilijitungia kigezo cha mara moja hadi mara tatu ya pato la mwananchi kwa mwaka, kigezo kilichotokana na kazi ya Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 wataalamu wa shirika hilohilo walitahadharisha dhidi ya kukitumia kama amri. Kwa maoni yangu walichelewa.

Kenya ina sababu yake ya kulijali somo hili. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa iliingia mikataba ya kukodi vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili katika kila mojawapo ya kaunti 47 na nne za kitaifa. Gharama iliyotajwa mwanzoni ilikuwa shilingi bilioni 38 kwa miaka saba. Mashine za kusafishia damu na za eksirei ziliwafikia watu ambao awali walilazimika kusafiri mbali, na hilo halikataliki. Lakini baadhi ya vifaa vilikaa bila kazi kwa kukosekana wataalamu, umeme wa kutosha au maji, na Seneti iliunda kamati maalumu kuchunguza mpango huo. Swali la kwanza la warsha, ‘ikilinganishwa na nini?’, ndilo lililopaswa kutangulia: kwa fedha hizohizo kaunti fulani ingepata wauguzi wangapi, au dawa kiasi gani za shinikizo la damu?

Mnamo 2018 Wizara ya Afya iliteua jopo la kushauri kuhusu kitita cha huduma za afya kwa wote. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imeshika nafasi ya hazina ya zamani ya bima ya hospitali, na katika mfumo huu mpya pia kuna jopo la kushauri kuhusu kitita na viwango vya malipo. Jirani zetu wa Tanzania wanalijua joto la jambo hili: kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika Machi 2024, hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha kwa muda huduma kwa wanachama wa bima ya taifa, na wagonjwa wakajikuta katikati.

Katiba ya Kenya ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya umma. Atashirikishwaje mtu asiyepewa maneno? Tutazame machache. Wengi huieleza tiba inayostahili gharama yake kuwa ni ya ‘gharama nafuu’. Neno nafuu asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya faida, na bado twasema mgonjwa amepata nafuu. Lakini sokoni limekwisha kuwa bei ya chini, na tiba inayostahili gharama yake yaweza kuwa ghali mno. Napendekeza ‘tija kwa gharama’. Vivyo hivyo, hesabu ya kuipa faida ya kesho thamani ndogo kuliko ya leo haifai kuitwa ‘punguzo’, kwani msikilizaji atadhani dawa imeshushwa bei; ‘ukadiriaji wa thamani ya sasa’ ni refu lakini halipotoshi. Ama ule uchanganuzi wa kubadili tarakimu moja moja ili kuona kama jibu litayumba, atakayeuita ‘wa unyeti’ ajiandae kwa vicheko darasani. ‘Uchanganuzi wa mtikisiko’ ungetosha. Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi cha Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) kilikwisha kutupa kanuni. Kilichobaki ni kuketi na wanaozihitaji istilahi.

Wala suala si istilahi pekee. Ule uzito wa 0.6 tuliotaja hutoka katika vinywa vya watu. Hojaji maarufu ya EQ-5D huuliza mambo matano: kutembea, kujitunza, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au sonona. Zipo tafsiri zake za Kiswahili, lakini neno sonona, lililozoeleka Tanzania, halimgusi kila msemaji wa Nairobi. Huyu atasema msongo wa mawazo, na mwingine atasema moyo umemfa. Majibu yao yakitofautiana, je, tumepima afya au lahaja?

Baada ya hapo huja zoezi la kuzipa hali hizo thamani. Ethiopia na Uganda zimekwisha kufanya tafiti za aina hiyo kwa raia wao. Mhojiwa huelezwa hali ya ugonjwa, kisha huulizwa: badala ya kuishi miaka 10 hivyo, ungekubali miaka mingapi michache zaidi ukiwa mzima kabisa? Mwulize swali hilo bibi mcha Mungu wa Kibokoni, Mombasa, nawe utajibiwa kwamba umri u mikononi mwa Mola na si wa kupunguziwa. Ni jibu kamili katika lugha na imani yake. Kwenye jedwali la mhoji, hata hivyo, asiyekubali kuacha hata siku moja huandikiwa 1, na hesabu humsoma kuwa amesema kwamba kulala kitandani kwa maumivu ni sawa na uzima.