Kwa nini lori la mafuta hufungwa waya kwanza

Lori la mafuta likifika sheli, kazi ya kwanza si kufungua koki. Kwanza huvutwa waya wenye kibanio, ukabanwa kwenye chuma cha tangi ili liungane na ethi iliyozikwa ardhini. Mpira wa kushushia mafuta hufuata baadaye. Kazi ikiisha, waya huo ndio wa mwisho kuondolewa.

Sababu ni umeme tuli. Mafuta yakipita kwa kasi ndani ya mabomba huzalisha chaji, na chaji hiyo inaweza kujikusanya kwenye tangi. Ikikosa njia, itaruka yenyewe kama cheche.

Chuma, shaba na hata mwili wa mtu hupitisha umeme. Viwili kati ya hivyo vikigusana, elektroni huhama mpaka volteji ya pande zote ilingane. Kinacholingana ni volteji, si lazima chaji. Ni kama matangi mawili ya maji yaliyounganishwa kwa bomba: kina kitakuwa kimoja, lakini tangi pana litabeba lita nyingi zaidi.

Chaji hugawanyika nusu kwa nusu pale tu vitu vinapofanana umbo na ukubwa. Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1780. Tufe moja likiwa na chaji ya +8 na pacha wake −2, jumla ni +6. Yakigusana kisha yakatenganishwa, kila moja huondoka na +3. Lakini tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 likiunganishwa kwa waya mrefu na lenye sentimita 10, kubwa huchukua robo tatu ya chaji yote.

Sasa weka Dunia upande wa pili. Nusu kipenyo chake ni kilometa 6,371 hivi. Tufe la sentimita 10 likiunganishwa nayo hubakiwa na chini ya sehemu moja kati ya milioni 60 ya chaji yake. Ndiyo maana ethi humaliza kazi.

Mtu naye hubeba chaji. Shoti ndogo inayokushtua ukigusa mlango wa gari huanza kuhisika mwili ukifika volti 3,000 hivi. Haikuui, kwa kuwa chaji yenyewe ni kidogo na huisha kufumba na kufumbua. Hatari iko kwenye mvuke wa petroli, unaoweza kuwaka kwa cheche ya takriban robo ya milijuli, na shoti unayoihisi inaweza kuzidi hapo.

Kwa hiyo ukishuka garini, gusa bodi ya chuma mbali na mdomo wa tangi kabla ya kukaribia pampu. Dumu la chuma liwekwe chini sakafuni, na bomba la pampu liguse mdomo wake muda wote wa kujaza. Dumu la plastiki ni hadithi nyingine: plastiki haipitishi umeme, hivyo chaji hung'ang'ania pale ilipo, na kuligusa sehemu moja hakuondoi iliyo kwingine.

Kwa wanaoshusha mafuta, kibanio kibanwe kabla ya kifuniko chochote kufunguliwa, ili cheche ikitokea isikutane na mvuke. Na kibanwe kwenye chuma kitupu, maana rangi na kutu huzuia chaji kupita.