Aprili Katika Maziwa ya Bonde la Ufa: Matayarisho ya Ndege Wahamaji

Katika miezi ya Machi na Aprili, nchi za kaskazini ya dunia zinapoingia majira ya machipuko na Afrika Mashariki ikipokea mvua za masika, kingo za maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya huwa mahali pa matayarisho ya mwisho kwa ndege wahamaji, yaani ndege wanaozaliana katika eneo moja la dunia na kuishi katika eneo jingine nje ya msimu wa kuzaliana. Mtazamaji anayegawa siku yake kati ya Ziwa Naivasha, lenye maji baridi, na Ziwa Elmenteita, lenye maji ya magadi, huweza kuona mabadiliko ya mwili ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka hayaonekani kabisa.

Kundi linalostahili kuangaliwa kwanza ni vitwitwi, ambao ni ndege wa ukingoni wanaokula minyoo, mabuu ya wadudu na viumbe wengine wadogo wa matopeni. Hutazamwa vizuri zaidi asubuhi, kabla joto halijaifanya hewa iliyo juu ya matope itetemeke na kuvuruga taswira ya darubini. Ndege hawa hawagombanii chakula ovyo, kwa sababu urefu wa mguu na umbo la mdomo humpangia kila mmoja mahali pake: mdogo kuliko wengi, Calidris minuta, hudonoa juu ya tope lenye unyevunyevu, Calidris ferruginea, ambaye mdomo wake umepinda kuelekea chini, huuchomeka ndani ya tope, na Tringa stagnatilis, mwenye miguu mirefu na myembamba, huingia majini na kuokota wadudu walio juu ya maji.

Jambo la pili ni kubadili manyoya. Calidris ferruginea, ambaye mwezi Desemba ni wa kijivu mgongoni na mweupe tumboni, huanza kuota manyoya mekundu ya rangi ya tofali, hivyo kwamba katika kundi moja la Aprili huonekana ndege wekundu kabisa wakiwa pamoja na wengine wenye mabaka, mithili ya ukuta ambao fundi wa rangi hajaumaliza. Wanaobaki kijivu mara nyingi ni wachanga waliozaliwa mwaka uliotangulia, ambao wengi wao hawasafiri bali huendelea kukaa Afrika hadi mwaka unaofuata.

Mabadiliko yasiyoonekana kwa darubini ni makubwa zaidi. Watafiti wanaowavisha ndege pete za utambulisho hupuliza manyoya ya kifuani ili ngozi ionekane, kisha hukagua kishimo kilicho kati ya mifupa ya mtulinga, ambacho hujaa mafuta ya rangi ya manjano kadiri safari inavyokaribia. Mafuta hayo ndiyo akiba ya njiani, kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa nishati mara mbili au zaidi ya ile inayotolewa na gramu moja ya wanga. Kwa kuwa karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, ndege hutegemea pia saa ya ndani ya mwili, ambayo mtafiti Mjerumani Eberhard Gwinner aliithibitisha kwa kuwaweka ndege wahamaji katika mwanga usiobadilika na kuona kwamba waliendelea kunenepa na kubadili manyoya kwa mzunguko unaokaribia mwaka.

Matayarisho hayo yote yanahitaji tope lenye maji ya kina kifupi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya maziwa kadhaa ya Bonde la Ufa yamepanda, yakafunika kingo na kuua migunga iliyosimama kandokando, na katika Ziwa Nakuru ongezeko hilo lilipunguza ukali wa magadi na hivyo kuathiri viumbe wadogo wa kijani wanaoliwa na heroe mdogo. Kwa hiyo ziwa lililojaa si lazima liwe ziwa lenye neema, kwani kitwitwi aliyekosa ukingo wa kulia hukosa pia mafuta ya kumfikisha Siberia, anakokwenda kuzaliana.

Naivasha iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu mwaka 1995 na Elmenteita mwaka 2005, na ndege wa maji nchini Kenya huhesabiwa kila Januari. Hesabu ya Januari huonyesha idadi ya waliopo, lakini haielezi kama walipata chakula cha kutosha kabla ya kuondoka. Kila anayetembelea maziwa haya mwezi Aprili anaombwa aandike tarehe, mahali, aina za ndege, idadi yao, hali ya manyoya na upana wa tope lililo wazi, kisha awasilishe kumbukumbu hizo kwa wanaotunza takwimu za ndege.