Doa la Jino si Aibu ya Mwali

Posa inapofika, jicho la ukoo hutazama mengi, na mojawapo ni tabasamu la mwali. Huko Mumias, Kaunti ya Kakamega, mji wa Nabongo Mumia wenye Waislamu wa tangu zama zake, huja kuolewa pia mabinti waliokulia Nakuru na Naivasha. Baadhi yao wana meno yenye madoa ya kahawia, nao huhukumiwa kabla hawajamaliza salamu: huyu hapigi mswaki, huyu atatuzalia wana wa meno mabovu. Hukumu zote mbili ni batili.

Chanzo cha madoa hayo ni maji. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa hutoa madini ya floraidi, yakaingia visimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bonde hilo hukivuka. Mtoto akinywa maji hayo hadi umri wa miaka 8 hivi, wakati meno ya ukubwani yangali yanajiunda ndani ya ufizi, tabaka la juu la jino hudhurika. Mswaki hauliondoi doa hilo, wala mama hamrithishi mwanawe.

Lakini kejeli nayo hudhuru. Binti aliyezoea kuchekwa huzungumza mkono u kinywani, huona haya kusoma Qur'ani kwa sauti, hukwepa karamu za walima. Kujitenga kukidumu huweza kuzaa huzuni iliyo maradhi kamili, wala si upungufu wa imani.

Ndipo akimbilie ndimu, mkaa wa kusaga na dawa za kung'arisha asizozijua. Ndimu hulainisha tabaka la jino, mkaa hulikwangua. Nalo likishalika halioti tena. Dawa za peroksaidi nazo huweza kutia meno ganzi na kuunguza ufizi.

Mtume (s.a.w.) alihimiza mswaki, na akakemea kuchonga meno kwa ajili ya urembo. Wanazuoni wametofautisha baina ya kubadili umbile kwa kutaka uzuri na kuondoa kasoro inayomdhuru mtu. Hili la pili wameliruhusu. Basi anayeumia na amwendee daktari wa meno, kwani madoa mengine hupunguzwa au kufunikwa kitaalamu. Huzuni ikizidi, na apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Nanyi wenye watoto wadogo Bonde la Ufa, jueni kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hukolea. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi ni bora kwao.

Enyi mama wakwe, Suratul Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana. Mwulizeni mwali dini yake na tabia yake. Meno yake yanaeleza tu kisima alichonywea utotoni.