Alama Mbili za Sangara

Wajukuu zangu, sogeeni. Leo sina sungura wala fisi. Nina sangara, yule ambaye ndugu zetu wa Kenya humwita mbuta.

Zamani sangara hakuwamo Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akakuta ziwa limejaa furu, visamaki vya kila rangi. Akawala, akanenepa. Sangara akiachwa akue hukaribia mita 2, na uzito wake huweza kufika kilo 200.

Watu wakamvua mpaka wakaanza kumtafuta kwa shida. Ndipo nchi tatu za ziwa, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, zikakubaliana kipimo: sangara wa kuvuliwa awe na sentimita 50 hadi 85, kuanzia mdomoni mpaka ncha ya mkia.

Kila nikifika hapa naulizwa, "Babu, mdogo tunaelewa, hajazaa bado. Huyo mkubwa amekosa nini?"

Hajakosa kitu. Ni mama. Dume la sangara hupevuka mapema, jike huchelewa. Kwa hiyo wale wakubwa kabisa wengi wao ni majike, na tumbo la jike kubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Jike dogo haliwezi kulifikia hata kidogo. Alama ya kwanza, ile ya 50, iliwekwa imlinde binti; ya pili, ile ya 85, imlinde bibi yake. Wengi huikumbuka ya kwanza tu, na hilo linaniuma, maana sangara mkubwa ana bondo kubwa, yaani kile kifuko cha hewa tumboni, na bondo lina bei kubwa sana. Bibi anauawa kwa sababu ya bondo lake.

Sato, samaki mwingine wa ziwa hili, ana mambo mengine. Jike la sato huyaatamia mayai mdomoni mwake, na vitoto vikianguliwa huvirudisha humo humo vikiogopa. Mdomo haubebi mamilioni, wajukuu zangu. Tanzania imemwekea sato kipimo cha chini cha sentimita 25. Wakubwa wakivuliwa bila kupumzika, wanaobaki kuendeleza ukoo ni wale wanaozaa mapema, wangali wadogo. Mwisho unapata ziwa lenye sato waliokwisha kuzaa lakini hawajazi sahani. Wataalamu wameliona jambo hili Ziwa Victoria kwa macho yao.

Msidhani mvuvi humpima samaki majini kisha akamwambia nenda zako. Anayechagua ni tundu la wavu. Tundu likiwa pana, mtoto hupenya akaenda. Kokoro, ule wavu unaoburutwa ufukweni, halichagui: linazoa wakubwa, watoto, na mazalia yenyewe, kwa kuwa samaki wengi hulelea watoto wao kwenye maji ya kina kifupi. Samaki akishakaa wavuni usiku kucha, kumrudisha majini asubuhi ni kutupa maiti. Ndiyo maana sheria hukataza kokoro na nyavu za matundu madogo kabla ya kumgusa samaki mwenyewe.

Sasa nina ombi. Ukitumwa sokoni kununua sato, beba ile rula ya shule. Ina sentimita 30. Mlaze samaki kando yake. Kama hafiki 25, mwambie muuzaji kwa adabu, "Shikamoo mama, huyu bado mtoto," kisha usimnunue.